Adhuhuri ni saa ngapi, na ni ya nani?

Msomaji wetu wa Majengo, Moshi, ameuliza hivi: "Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Katika rasimu ya kadi niliandika kwamba ibada itaanza adhuhuri. Shangazi ameniagiza nilifute neno hilo kwa sababu, anavyosema, ni neno la msikitini na sisi ni Walutheri. Baba mdogo hana shida na neno lenyewe, ila anaonya kwamba tukiliacha peke yake wageni watafika saa nane na kudai kuwa wamewahi. Naomba kujua adhuhuri ni saa ngapi hasa, inatofautianaje na mchana, na kama shangazi ana haki."

Nitaanza na baba mdogo, kwa kuwa hoja yake ndiyo yenye uzito zaidi. Adhuhuri ni jina la kipindi, na kipindi hicho kinaanzia pale jua linapopinduka kutoka katikati ya mbingu na kuanza kuelekea magharibi. Mgeni atakayefika saa nane akasema amefika adhuhuri hatakuwa amekosea Kiswahili hata kidogo, ingawa atakuwa amekosa ibada. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa kwenye kikao cha ofisi moja kwa barua iliyosema tukutane "adhuhuri". Nilifika saa sita kamili, nikakaa kwenye benchi la mapokezi hadi saa nane kasoro robo, na mwenyekiti alipoingia alinisalimu kwa furaha bila dalili yoyote ya kujiona amechelewa. Nilipotafakari baadaye nilikiri kwamba barua ile ilimpa haki.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na limeingia kwetu likiwa bado limevaa kitambulisho chake cha huko, ile "al" inayotangulia nomino. Ukitazama majina yetu ya vipindi vya siku utaona kwamba "al" hiyo imesalia nzima katika alfajiri na alasiri, lakini katika asubuhi na adhuhuri imebaki "a" tu. Sababu ni kanuni ya matamshi ya Kiarabu: zipo herufi ambazo zikifuata "al" huimeza ile "l" na kuifanya ifanane nazo, na sauti zinazoanzisha maneno asili ya asubuhi na adhuhuri ni miongoni mwa hizo. Waswahili walichukua walichokisikia. Kwa hiyo anayeandika "aldhuhuri", kama nilivyowahi kuona katika tangazo moja, anajaribu kurudisha kitu ambacho hata Mwarabu hakitamki. Umbo "dhuhuri", lisilo na "a", lipo na si kosa, hasa katika mazungumzo ya dini, ila katika maandishi ya kawaida "adhuhuri" ndilo lililozoeleka.

Mzizi wa neno hili una ndugu wengine katika Kiswahili ambao huenda hukuwahi kuwashuku. Dhahiri, kudhihiri na kudhihirisha ni watoto wa mzizi huohuo, wenye maana ya kuonekana wazi. Napenda ukumbuke undugu huo unapotumia neno hili, kwa kuwa adhuhuri ni wakati ambao mambo yote yako dhahiri: vivuli vimejikunja chini ya miguu ya wenyewe na hakuna kona ya uani isiyofikiwa na mwanga. Dhuha, kwa upande mwingine, si ndugu wa adhuhuri hata kama wanafanana sura. Dhuha ni wakati wa jua kupanda, kati ya kuchomoza na katikati ya siku, na herufi yake ya kwanza katika Kiarabu ni nyingine kabisa. Kiswahili kimezikusanya sauti tatu tofauti za Kiarabu katika "dh" moja: dhahabu ina yake, dhaifu ina yake na dhahiri ina yake. Ndiyo maana watu husikia dhuha na adhuhuri wakadhani ni neno moja lililofupishwa, na mara kadhaa nimesahihisha tafsiri ambamo mtu aliyeamka kuswali dhuha ameandikwa kuwa ameswali adhuhuri, yaani amesogezwa mbele kwa saa kadhaa bila kujua.

Sasa tuje kwenye swali lako la saa ngapi. Hapa jibu la kaskazini yetu lina ladha yake, na naomba univumilie kidogo kwa hesabu. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 Mashariki, mstari ambao hupita karibu na Mogadishu. Sisi tuko magharibi zaidi: Moshi iko karibu na nyuzi 37.3, na Arusha karibu na nyuzi 36.7. Jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi moja, kwa hiyo linapokuwa limefika katikati ya mbingu ya Mogadishu, Moshi bado wanalisubiri kwa nusu saa hivi, na Arusha kwa dakika mbili au tatu zaidi ya Moshi. Kwa wastani, basi, jua hufika kileleni Arusha saa sita na dakika 33, na si saa sita kamili. Wastani huo nao huyumba katika mwaka kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua hauko sawa siku zote na mhimili wake umeinama: mwanzoni mwa Novemba jua hufika kileleni Arusha mapema, kama saa sita na dakika 17, na katikati ya Februari hukawia hadi kama saa sita na dakika 47.

Matokeo yake ni kwamba hakuna siku hata moja katika mwaka ambapo adhuhuri, kwa maana yake kamili, imekwisha kuingia Arusha au Moshi inapogonga saa sita kamili. Usiamini maneno yangu tu. Chomeka kijiti cha mita moja wima mahali penye jua. Nilifanya hivyo uani kwangu Arusha mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba mmoja, na saa sita kamili kivuli kilikuwa bado kimelala upande wa magharibi kwa kiasi cha sentimeta kumi. Kikaendelea kujivuta taratibu kuelekea kwenye shina la kijiti, na ilipopata kama saa sita na dakika 23 kikatoweka kabisa, kama vile kijiti kimekimeza. Baada ya muda mfupi kikachungulia upande wa mashariki. Kile kitendo cha kuchungulia upande wa pili ndicho mwanzo wa adhuhuri.

Nilichagua Oktoba kwa makusudi. Sisi tulio kama nyuzi tatu na theluthi kusini ya Ikweta hupata jua la utosi kweli mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na karibu na tarehe 1 Oktoba. Siku nyingine zote jua la katikati ya siku limeinama kidogo: mwishoni mwa Juni kijiti chako cha mita moja kitatupa kivuli cha nusu mita kuelekea kusini, na mwishoni mwa Desemba kivuli cha sentimeta 36 hivi kuelekea kaskazini. Mwashi anayekwambia mwezi wa Juni kwamba jua liko utosini anasema kwa mazoea, na mimi simsahihishi. Lugha ina haki ya kukadiria.

Umeona pia kwamba nimekuwa nikisema "saa sita" bila kueleza, na wewe umenielewa bila shida. Miji yetu hii miwili yote ina mnara wa saa katikati yake, na ukisimama chini ya mmojawapo katikati ya siku utaona mishale yote miwili ikielekea kwenye namba kumi na mbili huku kila anayepita akisema ni saa sita. Hesabu yetu inaanza na kucha, wala haijali usiku wa manane: jua linapochomoza ndipo tunapoanza kuhesabu, na saa sita ni saa ya sita tangu kulipokucha. Hesabu hiyo inafaa sana mahali hapa karibu na Ikweta, ambapo mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima. Katika hesabu hii "sita" ni nusu ya mchana kwa tafsiri yake yenyewe, na ndiyo sababu msemaji wa kawaida hahitaji neno adhuhuri ili aelewe kwamba siku imefika katikati. Namba imekwisha kumwambia.

Mwisho wa adhuhuri ni mgumu zaidi kuliko mwanzo wake. Katika sheria ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, wakati wa sala ya adhuhuri huisha pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kileleni. Kwa hapa kwetu hilo hutokea takriban kati ya saa tisa na dakika 20 na saa kumi na dakika chache. Hapo alasiri huingia. Lakini msemaji wa kila siku hakai na kijiti, na matumizi ya jumla yamekwisha kuchora mipaka yake: tunasema "saa tisa alasiri" bila kusita, ingawa kwa kivuli alasiri bado haijafika, na tunaona haya kusema "saa tisa adhuhuri". Mimi, nikihariri, huliacha neno adhuhuri likae kati ya saa sita na saa nane. Likizidi hapo huniumiza sikio.

Mchana ni neno la aina nyingine kabisa. Hili ni letu la Kibantu, na katika lahaja za kaskazini mwa pwani, Kimvita kwa mfano, huitwa "mtana", kama vile mchanga unavyoitwa "mtanga". Maana yake ya kwanza ni muda wote wa mwanga, kinyume cha usiku. Anayefanya kazi usiku na mchana hafanyi kazi usiku na saa sita tu. Maana ya pili, iliyo finyu, ni sehemu ya katikati ya muda huo: baada ya asubuhi na kabla ya jioni. Katika maana hii ya pili mchana huingiliana na adhuhuri na mara nyingi huichukulia nafasi. Ukipita soko la Mbuyuni saa saba utasalimiwa "za mchana", na sijawahi kumsikia muuza ndizi akinisalimu "za adhuhuri". Salamu hiyo utaikuta kwa mtangazaji wa redio au kwa mtu anayetaka kusikika msomi. Taarifa rasmi za Bunge nazo, zinapoandika muda wa kusitisha kikao, huandika saa saba mchana. Kwa hiyo hata katika maandishi yaliyo rasmi kabisa mchana halina unyonge wowote.

Tofauti iliyo kubwa zaidi kati ya maneno haya iko katika jamaa wanaotembea nayo. Tunakula chakula cha mchana, ambacho wengine wamekifupisha kuwa chamcha, na hakuna anayekula chakula cha adhuhuri, iwe ni mtori au wali maharage. Mwizi huiba mchana kweupe. Ukiandika kwamba aliiba adhuhuri kweupe msomaji atacheka kabla hajahuzunika. Angalia pia kwamba tunasema kweupe au peupe, hatusemi "mchana mweupe", kwa sababu weupe huo ni wa mahali palipo wazi ambapo tendo limefanyika. Tunashinda mchana kutwa tukimsubiri fundi, lakini hatushindi adhuhuri kutwa. Kwa upande wa pili, Mwislamu huswali adhuhuri, na akisema ameswali mchana hajakwambia ni sala ipi, adhuhuri au alasiri. Kwa ufupi, penye kupima muda wa kazi, chakula na maisha ya kila siku, mchana ndilo lenye nyumba. Penye kutaja sehemu mahususi ya mwendo wa jua, au penye kutaka maandishi yawe na utulivu fulani, adhuhuri huingia vizuri.

Katika simulizi neno hili hufanya kazi ambayo mchana hauiwezi. Linganisha "Tulifika Marangu mchana" na "Tulifika Marangu adhuhuri, mlima ukiwa umekwisha kujifunika". Sentensi ya kwanza inatoa taarifa. Ya pili inakupa jua, wingu na saa kwa pamoja, na mtu wa Kilimanjaro anajua bila kuambiwa kwamba Kibo, kilele cha mlima huo, aliyeonekana mweupe alfajiri mara nyingi huwa amepotea mawinguni siku inapofika katikati. Yapo pia majina mengine ya kienyeji ya vipindi yanayofanya kazi kwa namna hii, na naona huruma yanavyosahaulika: mafungulia ng'ombe, kwa mfano, yaani saa mbili au saa tatu asubuhi ng'ombe wanapotolewa zizini kwenda malishoni. Ukiishi Arusha na kuwaona vijana wa Kimasai wakivusha mifugo barabara saa hizo, utashangaa kwa nini tumeliacha jina hilo likae kwenye kamusi tu.

Namgeukia shangazi, kwa heshima. Ni kweli kwamba adhuhuri ni jina la mojawapo ya sala tano, yenye rakaa nne, na kwamba adhana yake ndiyo inayowakumbusha wengi wetu, Waislamu na wasio Waislamu, kuwa muda wa kula umefika. Lakini kama asili ya Kiarabu na matumizi ya msikitini vingetosha kulifungia neno nje ya kanisa, shangazi angelazimika kuacha pia asubuhi, alfajiri na Alhamisi, na sidhani kama yuko tayari. Tena Biblia anayoisoma kila Jumapili, tafsiri ya Union, inalitumia neno hili bila wasiwasi: Zaburi ya 55 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri kuwa nyakati za kumlilia Mungu, na Zaburi ya 91 inataja adhuhuri inapozungumzia uele uharibuo, yaani ugonjwa unaoangamiza. Majirani zenu Wakatoliki nao husimama katikati ya siku, kengele inapolia, wakasali Malaika wa Bwana. Watu wa dini zote wameona kwamba nukta hii ya siku inastahili kusimamisha kazi. Mwambie shangazi, kwa upole na ikiwezekana baada ya chai, kwamba neno hili lilikwisha kubatizwa zamani.

Kuhusu sarufi sina mengi. Adhuhuri iko katika ngeli ya I-ZI: adhuhuri hii, adhuhuri njema, adhuhuri ya jana. Mchana uko katika U-I: mchana huu, mchana mrefu, ingawa wingi wake, michana, ni nadra mno. Yote mawili hukaa baada ya kitenzi bila kuhitaji kushikwa mkono, kwa hiyo andika "tutakutana adhuhuri". "Katika adhuhuri" na "kwenye adhuhuri" ni mzigo usio na kazi. Herufi ndogo inatosha isipokuwa mwanzoni mwa sentensi. Na kwa kuwa wengi wetu wa bara hutamka "z" mahali pa "dh", chunga kadi isije ikatoka kiwandani na "azuhuri". Wala usiimeze "h" ya katikati ukapata "adhuuri". Silabi ni nne, a-dhu-hu-ri, na mkazo uko kwenye "hu".

Ukinitaka nikuandikie sentensi ya kadi, nitamridhisha baba mdogo kwanza kwa kuweka saa, kisha nitamwachia mgeni neno moja la kumtoa shaka kwamba si saa sita ya usiku. Andika: "Ibada ya ndoa itaanza saa 6:00 mchana." Kama kamati inapenda maandishi yawe na heshima zaidi, "saa 6:00 adhuhuri" inakubalika katika Kiswahili cha leo, licha ya kijiti changu cha uani, kwa kuwa kijiti hakialikwi harusini. Kitu pekee ninachokukataza ni kuliacha adhuhuri likae peke yake bila saa, na ikiwa mchungaji wenu ni mtu wa kuanza kwa wakati, basi andika kwenye kadi saa 5:30 asubuhi kuwa ndio muda wa wageni kuketi.